Kwa nini miche hufa ilhali inamwagiliwa kila siku

KILA mvua za vuli zinapokaribia, biashara ya miche huchangamka katika miji yetu. Kando ya Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam, Ngong Road jijini Nairobi na njia ya kutoka Kampala kuelekea Entebbe, viriba vyeusi hupangwa mistari kwa mistari: miparachichi, miembe, mipapai na maua ya kila rangi. Mnunuzi mgeni huchagua mche wenye majani mengi, hulipa, na kabla hajaondoka huuliza swali moja: nimwagilie mara ngapi? Jibu huwa tayari mdomoni. Asubuhi na jioni.

Kwa muuzaji jibu hilo ni sahihi. Viriba vyake ni vidogo, vimekaa juani na upepo wa barabarani mchana kutwa, udongo wake una mchanga mwingi, na chini ya kila kiriba kuna matundu. Maji anayomwaga alfajiri yamekwisha kufikia alasiri. Tatizo huanza mche ule unapofika nyumbani, ukahamishiwa kwenye ndoo kubwa ya plastiki isiyo na tundu, ukajaziwa udongo mzito wa uani na kuwekwa kwenye kivuli cha veranda. Maji yaleyale ya asubuhi na jioni sasa hayana pa kwenda. Baada ya wiki mbili majani ya chini yanageuka manjano, na mwenye mche anaongeza maji.

Wakulima wanaoanza huogopa ukame kuliko kitu kingine, na hofu hiyo ina sababu katika ukanda wetu. Lakini ndani ya chungu, kopo au trei ya miche, maji ya kupita kiasi huleta hasara ya haraka kuliko kiu, na ni hasara isiyorudishika kirahisi. Mche wenye kiu ukiwahiwa huinuka kwa saa chache. Mche ambao mizizi yake imeoza hauna cha kuinukia.

Gharama yake si ndogo. Kijana aliyenunua pakiti ya mbegu chotara za nyanya au pilipili hoho anajua kwamba mbegu hizo huuzwa kwa kuhesabiwa, karibu moja moja, na kwamba trei moja iliyoanguka ni sehemu ya mtaji iliyoanguka. Akizisia upya amechelewa wiki nne au tano, na bei ya sokoni haimsubiri. Kwa upande wa miti, Kenya imejiwekea lengo la kuotesha miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na Novemba 13, 2023 ilitangazwa siku ya mapumziko ili wananchi wakapande. Kila mti katika hesabu hiyo ulianza, au utaanza, kama mche ulio mikononi mwa mtu mwenye keni ya maji.

Mizizi nayo hupumua

Udongo mzuri ukiuangalia kwa makini ni punje na vipande vya mboji vilivyoacha nafasi kati yake. Katika nafasi ndogo hukaa maji, na katika zile kubwa kidogo hukaa hewa. Mizizi inahitaji vyote viwili kwa wakati mmoja. Huchukua oksijeni kutoka katika hewa hiyo ya udongoni, huitumia kuunguza sukari iliyotengenezwa na majani, na nguvu inayopatikana ndiyo inayoiwezesha kurefuka na kufyonza maji pamoja na madini.

Udongo ukijaa maji muda wote, hewa hufukuzwa. Oksijeni hupita ndani ya maji taratibu mno, maelfu ya mara pungufu kuliko inavyopita hewani, kwa hiyo hata kidogo kilichobaki hakiifikii mizizi kwa wakati. Mizizi inakabwa. Ncha zake huanza kufa, kisha vimelea vya kuozesha huingia.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mzizi uliokabwa hauwezi kufyonza maji, hata kama umelala ndani yake. Majani basi hunyauka na kulegea kama ya mche wenye kiu. Anayeangalia majani peke yake ataona kiu na atakimbilia keni. Kila anapomwaga anauzamisha mche zaidi, naye anaamini anauokoa. Ndiyo maana utasikia mtu akilalamika, tena kwa haki, kwamba miche yake imekufa ingawa hakuacha kuimwagilia hata siku moja.

Dalili zinatofautiana kwa anayechunguza. Mche wenye kiu hukaa katika chombo chepesi, udongo wake umepauka na pengine umejitenga na kuta za chombo, na majani hukauka kuanzia kingo hadi yanavunjika mkononi. Mche uliozidiwa maji huwa katika chombo kizito. Majani ya chini huwa ya manjano na laini, juu ya udongo huota utando wa kijani, na mara nyingi utaona vijidudu vyeusi vidogo mno vikirukaruka ukigusa kopo. Ukiuchomoa kwa uangalifu na kunusa, udongo una harufu ya kitu kilichovunda. Mizizi yenye afya huwa myeupe na imara; iliyooza huwa ya kahawia, na ukiivuta ganda lake huteleza na kubaki kiini kama uzi.

Kuna unyaukaji mwingine usio ugonjwa wala kiu. Saa nane mchana, jua likiwa kali, majani mapana ya maboga, matango na hata nyanya huinama, kwa sababu yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta. Jua likipoa yananyooka yenyewe. Usimhukumu mche saa nane. Mwangalie asubuhi: kama bado umeinama kabla jua halijapanda, sasa una jambo la kuchunguza.

Kidole kabla ya keni

Kipimo cha kuaminika ni kidole. Kizamishe kwenye udongo wa chungu hadi pingili ya pili. Juu pakiwa pakavu na chini pana ubaridi na unyevu, acha, rudi kesho. Kidole kikitoka na vumbi tu, mwagilia. Kwa trei zenye vishimo vidogo, pingili ya kwanza inatosha, kwa kuwa hakuna kina cha kupima zaidi.

Wenye vitalu vikubwa hawana muda wa kuzamisha kidole katika kila kiriba, nao hutumia mkono. Inua kiriba kilichomwagiliwa sasa hivi, ukione uzito wake. Kiinue tena kesho na keshokutwa. Baada ya wiki moja mkono unakuwa mizani, na mtu anaweza kupita kwenye mstari wa miche mia mbili akigusagusa na kujua ipi inataka maji na ipi iachwe. Kwangu mimi hili ndilo fundisho la kwanza ambalo mkulima mgeni angepewa, kabla hata ya kuambiwa habari za mbolea.

Ukishaamua kumwagilia, mwagilia kweli. Mimina taratibu juu ya udongo wote hadi maji yatoke kwenye matundu ya chini, kisha acha hadi kidole kiseme tena. Desturi ya kikombe kimoja kila siku, inayoonekana kama ya kiasi na busara, ni mbaya kuliko zote mbili. Hulowesha sentimita mbili za juu tu. Mizizi hufuata maji, kwa hiyo hubaki juu, ambako jua la siku moja linatosha kuikausha. Isitoshe, chumvi zilizomo katika maji na mbolea hujikusanya bila kusafishwa kwenda chini, na baada ya muda utaona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu. Wanaotumia maji ya visima vyenye chumvi, kama ilivyo katika maeneo mengi ya pwani, wana sababu zaidi ya kumwaga maji ya kutosha kupita hadi chini, na kukinga ya mvua kila yanapopatikana.

Wakati mwingine maji hutoka chini mara tu unapoyamwaga, ukadhani mche umeshiba. Inua chombo. Kikiwa bado chepesi, udongo ulikauka kupita kiasi hadi ukaanza kuyakataa maji, nayo yameteremka kwenye ufa kati ya udongo na ukuta. Mboji na vumbi la makumbi ya nazi vina tabia hiyo vikikauka sana. Dawa yake ni beseni: simamisha chungu ndani ya maji yanayofika nusu ya kimo chake, acha hadi mapovu yaishe kutoka, pengine nusu saa, kisha kitoe kichuruzike.

Kuhusu saa ya kumwagilia, asubuhi inashinda. Mche unaanza siku ukiwa na akiba, na majani yaliyolowa hukauka mapema. Ya jioni si haramu, hasa wakati wa joto kali, ila elekeza maji kwenye udongo, kwa kuwa majani yanayolala na unyevu usiku kucha hukaribisha magonjwa ya ukungu. Ule usemi kwamba matone ya maji mchana huunguza majani kama kioo cha kukuzia hauna uzito mkubwa. Mche ukikutwa mkavu kabisa saa saba, upe maji saa saba.

Chombo huamua nusu ya kazi

Chombo kisicho na tundu ni kidimbwi. Hakuna ustadi wa kumwagilia unaoweza kukirekebisha moja kwa moja. Kopo la maziwa, ndoo iliyopasuka, dumu lililokatwa katikati, vyote vinafaa, mradi msumari umepita chini mara tano au sita. Wanawake wa Green Belt Movement, harakati aliyoianzisha Wangari Maathai nchini Kenya mwaka 1977, walianza na vyombo vya namna hiyo vya nyumbani, na kazi yao ilimfikisha mwanzilishi huyo kwenye Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004.

Siku hizi swali la chombo limekuwa pia swali la sheria. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Tanzania iliacha nafasi kwa vifungashio vya kilimo, lakini mkulima mdogo anayevuka mpaka na miche yake afadhali aulize kwanza. Viriba vinavyosukwa kwa magome makavu ya migomba vipo, vinaoza vyenyewe ardhini na havigharimu kitu kijijini. Ujue tu kwamba hupitisha hewa na maji pembeni, hivyo hukauka upesi kuliko plastiki. Ndivyo ilivyo pia kwa chungu cha udongo wa kuchoma: kuta zake hunywa maji na kuyatoa hewani. Anayeanza, na ambaye mkono wake ni mwepesi kwenye keni, nitamshauri achukue chungu cha udongo kuliko cha plastiki, kwa kuwa kinasamehe.

Imani moja imeenea kutoka Mombasa hadi Bukavu: kwamba kuweka kokoto chini ya chungu kabla ya udongo husaidia maji kutoka. Haisaidii. Maji yaliyo katika udongo wenye vinafasi vidogo hayateremki kwenye kokoto zenye nafasi kubwa mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa. Hivyo tabaka la tope ambalo lingekaa kwenye sakafu ya chungu linapandishwa juu, karibu zaidi na mizizi, na chungu kirefu kimegeuzwa kuwa kifupi.

Asiyeamini achukue sponji ya kuoshea vyombo, ailoweshe na kuishika ikiwa imelala, kama sahani. Itachuruzika kisha itatulia. Sasa aisimamishe wima. Maji mengine yatatoka, ingawa sponji ni ileile. Kimo ndicho kinachovuta maji chini. Ndiyo maana trei fupi hubaki na unyevu mwingi kuliko kiriba kirefu chenye udongo uleule, na ndiyo maana mchanganyiko wa trei unapaswa kuwa mwepesi zaidi. Sehemu tatu za udongo wa juu wenye rutuba, mbili za mboji au samadi iliyooza vizuri na moja ya mchanga ni mwanzo mzuri kwa viriba. Kwa trei ongeza mchanga au pumba za mpunga zilizounguzwa. Ufinyanzi wa mkono ni kipimo: lowesha kidogo, fumbata, fungua. Donge likibomoka ukiligusa, udongo unafaa. Likibaki na alama za vidole kama la mfinyanzi, mchanga haujatosha.

Bustani za magunia, zinazojulikana sana Kibera na sasa katika vitongoji vingi vya miji yetu, zina mawe katikati, na huenda mtu akadhani zinapinga nilichosema. Mawe yale hayalali sakafuni. Yamesimama kama nguzo kutoka juu hadi chini, yakizungukwa na udongo, ili maji yanayomwagwa katikati yafike pande zote na kina chote cha gunia. Bila nguzo hiyo, sukuma wiki ya juu hufurika na ya ubavuni hukauka.

Kisahani kinachowekwa chini ya chungu kisifanywe bwawa. Maji yaliyotoka yaachwe dakika chache kisha yamwagwe. Zaidi ya kuozesha mizizi, kisahani chenye maji ni uzazi wa mbu aina ya Aedes, wanaoeneza homa ya dengi na wanaopenda hasa vyombo vidogo vya majumbani. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Ua la barazani halistahili kumlaza mtu hospitali.

Mche mmoja, miji sita

Gazeti linalosomwa katika nchi kadhaa haliwezi kumpa msomaji ratiba moja ya maji, na hili ni kwa sababu ya ardhi yenyewe. Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Bujumbura iko kwenye bonde la Ziwa Tanganyika, chini ya mita 900. Kampala iko karibu na mita 1,200, Kigali na Goma karibu na mita 1,500, na Nairobi huzidi mita 1,600. Kiriba kimoja cha mchicha, ambao Kampala na Kigali huitwa dodo na Goma na Bujumbura lengalenga, kinaweza kukauka kwa siku moja Bujumbura mwezi Agosti, wakati wa kiangazi na joto la bonde. Kiriba hichohicho Nairobi mwezi Julai, chini ya mawingu na baridi, kinaweza kukaa siku tatu au nne bila kudai chochote.

Goma ina sura yake. Sehemu kubwa ya mji imesimama juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, iliyolipuka mwaka 2002 na tena Mei 2021. Udongo mwingi pale ni changa, wenye vinyweleo vingi, na maji hupita kama kwenye chujio. Mkulima wa huko anayejaza kopo lake kwa changarawe hiyo nyeusi hana haja ya kuogopa kuzamisha mche. Tatizo lake ni kuyashika maji, ambayo mengi hubebwa kwa bido, lile dumu la lita 20 ambalo Nairobi na Kampala huitwa jerikeni. Kwake mboji na matandazo ya majani makavu ndiyo rafiki. Ukimpelekea ushauri wa kupunguza maji ulioandikwa kwa udongo wa mfinyanzi wa Kampala, umempotosha.

Mmea wenyewe pia una usemi. Mshubiri na mimea mingine yenye majani manene hutunza maji mwilini na hutaka udongo ukauke kabisa kati ya siku moja ya maji na nyingine. Mchicha, saladi na miche ya migomba haipendi hali hiyo. Miche ya kahawa, inayokaa kitaluni miezi sita hadi tisa au zaidi, inataka unyevu wa wastani chini ya kivuli chepesi. Kivuli kikiwa kizito na maji yakabaki yaleyale ya juani, madoa na uozo hufuata.

Siku kumi za hatari

Kipindi kigumu kuliko vyote ni kati ya mbegu kuota na mche kupata majani mawili ya kweli. Hapa kanuni ya kusubiri udongo ukauke haitumiki hivyohivyo. Mbegu iliyokwisha kunywa maji na kuanza kupasuka ikikaushwa hata nusu siku inakufa, na haina mzizi wa kufuata unyevu chini. Tabaka la juu lazima liwe na unyevunyevu muda wote. Katika trei ndogo, kwenye miji ya joto, huenda ukalazimika kunyunyiza mara mbili au hata tatu kwa siku, kidogokidogo. Kwa hiyo ile asubuhi na jioni ina mahali pake, na mahali pake ni hapa.

Lakini ni hapahapa pia kinyausi husubiri. Ugonjwa huu husababishwa na vimelea vya udongoni vinavyopenda unyevu mwingi, msongamano na hewa iliyotuama. Jioni unaacha kitalu kimesimama kijani. Asubuhi unakuta kiduara cha miche iliyolala, kila mmoja umekatika pale shina linapogusana na udongo, pembamba kama uzi uliobanwa. Kesho yake kiduara kimepanuka. Miche iliyokwisha lala haina tiba. Kinachookolewa ni ile ambayo bado haijafikiwa. Ng'oa iliyoanguka pamoja na udongo wake na uipeleke mbali, punguza maji mara moja, fungua kivuli hewa na mwanga viingie, na nyunyiza mchanga mkavu safi juu ya udongo ili mashina yapate kukauka.

Kinga ni nafuu zaidi. Usisie mbegu kwa kumwaga kiganja. Panda kwa mistari au mbegu moja kwa kila kishimo. Usichukue udongo wa kitalu kutoka shamba lililokuwa na nyanya, viazi mviringo, pilipili au bilinganya. Kama huna udongo mwingine, ulowanishe, uutandaze na kuufunika kwa plastiki angavu juani kwa wiki nne au zaidi katika msimu wa joto. Moto wa jua huua sehemu kubwa ya vimelea vya tabaka la juu. Trei za msimu uliopita zioshwe kwa sabuni na dawa ya klorini, kisha zikaushwe. Maji ya kumwagilia yasitoke kwenye dimbwi ambalo vitalu vyote vya jirani huchuruzikia.

Namna ya kumimina nayo ina maana. Maji ya kopo yanayoanguka kwa kishindo huzikua mbegu, huzilaza upande mmoja na kurusha udongo kwenye majani. Asiye na keni yenye kichwa cha matundu madogo atoboe kifuniko cha chupa ya maji kwa sindano ya moto, mara kumi na tano hivi, na akamue taratibu. Njia iliyo bora zaidi kwa trei ni kuinywesha kutoka chini: iweke kwenye karai lenye maji ya kina cha vidole viwili, subiri hadi uso wa udongo ubadilike rangi, kisha itoe. Mashina hubaki makavu na kinyausi hukosa mlango.

Kuutoa mche kwenye deko

Mche ukifikisha majani manne hadi sita, kama ni wa mboga, umekaribia shamba. Ukitolewa moja kwa moja kutoka kwenye kivuli na maji ya kila siku hadi kwenye jua la wazi, utapata mshtuko na mara nyingi utaungua. Siku saba hadi kumi kabla ya kupandikiza, anza kuondoa kivuli: saa mbili za jua la asubuhi siku ya kwanza, kisha uongeze. Wakati huohuo nafasi kati ya maji na maji irefushwe. Acha udongo upauke na majani yaanze kulegea kidogo kabla hujamwaga. Shina litakaza, majani yatakuwa madogo na magumu zaidi, na rangi inaweza kugeuka kijani kilichoiva. Mnunuzi wa mjini huupita mche wa namna hiyo akitafuta ule mlaini unaong'aa, na hapo muuzaji mwaminifu hupata shida, kwa sababu mlaini ndio unaouzika ingawa mgumu ndio unaoishi.

Siku ya kupandikiza, mwagilia kitalu saa chache kabla, ili udongo ushikamane na mizizi na usipukutike unapochomoa. Toa kiriba chote. Mche uliozikwa na plastiki yake, hata ikiwa imepasuliwa, huzunguka mizizi humo ndani na hudumaa. Panda jioni au siku ya mawingu. Shimo lipewe maji kwanza, yakishaingia ndipo mche uwekwe na udongo ushindiliwe kwa vidole, kisha maji mengine kidogo kuzunguka shina ili kuziba nafasi za hewa zilizobaki. Tandaza nyasi kavu, lakini ziache upana wa viganja viwili mbali na shina.

Kwa wiki ya kwanza rudi kila siku na kidole chako. Udongo wa shambani unaweza kuwa na maji pembeni ilhali lile donge dogo lililotoka kwenye kiriba limekauka, kwani mizizi bado haijavuka mpaka. Pima ndani ya donge lenyewe, karibu na shina. Hapo ndipo mche unapoishi kwa sasa, mpaka mizizi mipya itoke.